Mpima Aliyevunja Chupa

Mtu akikurudishia chakula mara moja, utasema ameshiba. Akirudisha mara ya pili, utasema anaumwa. Ya tatu huna la kusema ila kwamba ana kiburi, na ndivyo nilivyosema juu ya Mpima, tena kwa sauti, kisimani, mbele ya wanawake wote wa kota. Nilimpelekea ugali wa mtama na kuku, ukarudi. Nikampelekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, ikarudi na shukrani nyingi. Mara ya tatu nilipeleka nyama, nikaapa kwamba ikirudi simpelekei tena hata chumvi. Ikarudi.

Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea, na kosa langu nililifuga kwa miaka bila kumwambia. Kiburi hakuwa nacho.

Mgodi wetu ulikuwa mdogo, mwendo wa siku nzima kutoka Geita kwa miguu. Vita ya pili ya Wazungu ilikuwa imekwisha, na watu walimiminika kutafuta kazi: Wasukuma kama sisi, Wasumbwa, Wazinza, Waislamu wa Tabora na wa pwani, Wakristo wa kila misheni. Mume wangu, Baba Limi, alikuwa msaidizi katika chumba cha kupimia dhahabu. Mkubwa wake alikuwa huyo Mpima. Jina lake la kwao nililisikia mara mbili tatu nikalisahau, kwa maana hakuna aliyelitumia. Hata yule Mzungu msimamizi, tuliyemwita Bwana Mkubwa, alimwita Mpima.

Kazi yao ilikuwa kuchukua mawe yaliyosagwa, kuyachoma kwenye tanuru, na kile kipande kidogo kilichobaki kukitia katika asidi ili fedha iyeyuke, dhahabu ibaki peke yake. Asidi hiyo haikuwa na rangi. Ukiitazama ndani ya chupa utadhani maji. Vidole vya Mpima vilikuwa vya manjano kwa sababu yake, na wapo waliosema manjano yale ni ya uchawi. Mimi sikusema uchawi. Nilisema kiburi tu, nikaona nimemwonea huruma.

Alikuwa mrefu, mwembamba kupita kiasi, na msafi hata akakera. Kanzu yake ya Ijumaa ilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alitembea taratibu siku zote. Mvua ikinyesha, wenzake wakikimbia, yeye alikuja kwa mwendo wake ule ule na kuingia nyumbani ameloa chepechepe. Kwenye bao, hata hivyo, alikuwa mtu mwingine. Akishindwa alikasirika kama mtoto, akawatuhumu watu kwa kuhamisha kete, na siku mbili hakujibu salamu. Nilifurahi sana kusikia ameshindwa bao.

Alikuwa na maneno yake. La kwanza lilikuwa, "Chupa haina dini." Maana yake ukiitia maziwa itabeba maziwa, ukiitia moto itabeba moto, wala haitakuambia. Jingine alilowaambia vijana waliokuja kujifunza kazi: "Mkono ukikosea, utafunga kitambaa. Mdomo ukikosea, utafunga nini?" Watoto wetu walikuwa wakimwigiza wakicheza, mmoja ananusa kikombe mara tatu kabla ya kunywa, wengine wanacheka mpaka wanalala chini. Kwa kweli alikuwa akifanya hivyo. Alibeba kikombe chake cha bati mfukoni popote alipokwenda, akakisuuza, akayanusa maji, ndipo akanywa kidogo kidogo. Kwenye harusi, kwenye msiba, ni kikombe chake tu.

Lakini lililotuudhi sisi wanawake halikuwa kikombe. Lilikuwa chupa.

Siku zile chupa ilikuwa mali. Mafuta ya taa, samli, asali, dawa ya mtoto, vyote vilitaka chupa, na chupa ya bia iliyopasuka mdomo bado ilikuwa na mwenyewe. Chupa za asidi zilikuja ndani ya masanduku ya mbao zimezungushiwa majani makavu, kioo kizito, na kizibo chake nacho kioo, kinaingia na kukaa sawasawa. Zilikuwa nzuri mno. Zikiisha dawa, Mpima alizisuuza kwa maji mengi, akazipeleka nyuma ya chumba cha kupimia, akazivunja kwa nyundo moja moja, na kuzika vigae ndani ya shimo. Tulizisikia zikivunjika tukiwa majikoni. Mama Kulwa, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa akishika kifua kila ikilia moja. Siku moja tulikwenda wanawake sita kumwomba. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatukaribisha viti, akasema hapana. Hakutueleza sababu. Nadhani alifikiri sababu inajulikana, na sisi tulifikiri ni choyo.

Sheria yake nyingine ilikuwa kwamba asidi hailali nyumbani kwa mtu. Inatoka chumbani kwake kwenda kazini na inarudi siku hiyo hiyo, kizibo kimefungwa kwa kitambaa chekundu. Miaka yote niliyoishi pale aliivunja sheria hiyo mara moja tu. Ilikuwa Jumamosi. Shimo jipya lilikuwa limefunguliwa upande wa Bugarama, na lori lingeondoka Jumapili alfajiri, wakati ofisi imefungwa na funguo ziko kwa Bwana Mkubwa. Baba Limi ndiye aliyetakiwa kwenda kupima huko. Mpima alisitasita, akaifunga chupa kwa mkono wake, akaizungushia gunia, akampa. Alimwambia aiweke chini ya kitanda na asiiguse mtu.

Baba Limi aliniambia nisiiguse, kisha akaenda kuoga.

Nitasema nilivyofanya bila kujipamba. Nilifungua gunia kutazama tu. Nikaona ile chupa. Nikawaza kwamba ikifika Bugarama itarudi kwa Mpima, na Mpima ataivunja, na huko shimoni hakuna atakayejali dawa imekuja katika chupa gani. Nilikuwa na chupa ya bia, safi kabisa, nimeisugua kwa mchanga. Nikamwaga asidi taratibu kutoka hii kwenda hii, kwa uangalifu mkubwa hata nikajisifu, nikaziba kwa gunzi la mahindi. Chupa ya kioo nikaisuuza, nikaisimamisha dirishani ikauke. Kitambaa chekundu nilikuwa nacho mkononi ili nikifunge kwenye chupa ya bia. Hapo nikasikia hodi.

Alikuwa kaka yangu mkubwa, amekuja kutoka Mhunze, safari ya siku kadhaa, na sikuwa nimemwona tangu nimzae Limi. Niliisukuma ile chupa nyuma ya mtungi wa maji, mtoto asiifikie, nikatoka mbio kumlaki. Kile kitambaa chekundu nilikitumia kufutia kiti akae. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kukamata kuku.

Nyuma ya mtungi huo huo Baba Limi alikuwa na chupa yake ya moshi, ile pombe kali ya kukeneka ambayo serikali ilikataza na kila nyumba ilikuwa nayo. Nayo nyeupe kama maji, nayo ndani ya chupa ya bia, nayo imezibwa kwa gunzi. Alirudi kutoka kuoga akamkuta shemeji yake amekaa. Akafurahi. Akaingiza mkono nyuma ya mtungi.

Kwetu mgeni hapewi kinywaji kabla mwenye nyumba hajaonja. Ni kumwonyesha kwamba nyumba hii haina sumu. Na shemeji haonjewi kwa ncha ya ulimi. Unapiga funda la haja, akuone unameza, ndipo unampa. Baba Limi alikuwa mtu wa adabu. Alipiga funda.

Niliporudi na kuku mkononi nilimkuta amepiga magoti, mate yanamtoka, anakwaruza kifua. Kaka yangu alikuwa amesimama na mikono mitupu, akiniuliza kwa Kisukuma tumemfanyia nini shemeji yake. Chupa ilikuwa imewekwa chini, wima, bila kumwagika. Hata katika hali ile alikuwa ameiweka chini kwa uangalifu.

Kota ilijaa. Mama Kulwa alikuja na unyoya wa kuku wa kumtia kooni atapike, kwa maana ndivyo tunavyofanya kwa aliyekula kitu kibaya. Mwingine alileta magadi yaliyokorogwa, akisema magadi huua ukali. Mwingine maji ya sabuni. Walikuwa wamemshika kichwa tayari. Hapo akaingia Mpima, kwa mwendo wake ule ule, nikamchukia kwa kutokimbia.

"Toeni huo unyoya," alisema. "Asitapike. Kilichomchoma kikishuka kitamchoma tena kikipanda."

Mama Kulwa alimwuliza, basi afe? Mpima aliyanusa magadi akayasogeza mbali, akasema vitu viwili hivyo vikikutana tumboni vitachemka. Alimkalisha Baba Limi wima. Alimwosha kidevu na kifua kwa maji mengi. Akatoa kikombe chake cha bati, akamsukutuisha kinywa na kumtaka ateme, mara nyingi, kisha alipoona anaweza kumeza akampa maji matupu, kidogo kidogo, si zaidi. Kijana mmoja alitumwa kufuata lori. Wakati tunalingoja, Mpima aliinuka, akainusa chupa ya bia, akaiziba vizuri aende nayo kwa daktari ajue ni dawa gani. Alipogeuka alitazama dirishani. Chupa yake ya kioo ilikuwa pale imeshakauka, jua linaipiga. Akanitazama mimi. Kisha akarudi kumshikia Baba Limi kikombe.

Hospitalini walimlaza. Aliishi. Kwa siku nyingi hakuweza kusema, alilishwa maziwa tu, na Mungu alikuwa mwema kwamba funda lile alilitema nusu.

Huku nyuma Bwana Mkubwa alitaka kujua asidi ilitokaje. Alikuja nyumbani na karani wa kutafsiri. Mpima alikuwa pamoja nao, amesimama mlangoni, mikono nyuma. Alikuwa amekwisha kusema kwamba ni yeye aliyeiruhusu itoke. Karani aliniuliza jambo moja: ilikuja nyumbani ikiwa ndani ya chupa hii ya bia?

Nilisema, "Sijui."

Neno hilo tu. Ile chupa ya kioo nilikuwa nimeshaificha chini ya nafaka. Karani alitafsiri, Bwana Mkubwa alimgeukia Mpima, akasema maneno ya Kizungu, mafupi. Mpima hakutazama upande wangu. Alipewa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata afundishe mtu mwingine, aondoke. Kota nzima ilisema: kumbe! Mtu wa kuvunja chupa za watu, mwenyewe anatia asidi kwenye chupa za bia. Nilisikia wakisema kisimani. Nilichota maji yangu nikaondoka.

Baba Limi alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, amekonda, lakini anasema na anakunywa uji. Tulishangilia. Mpima alikuja asubuhi ya pili yake, akaketi, akamtazama akinywa. Akasema shangwe zingoje. Kovu likianza kupona ndipo koo linapojifunga, na mtu anaweza kufa njaa mwezi wa pili akiwa ameshasahau moto wenyewe. Nilimwuliza amejuaje. Nilimwuliza kwa ukali, kwa maana nilikuwa na hofu, tena nilikuwa na aibu, na aibu hunifanya mkali.

Ndipo alipotueleza. Alikuwa kijana, mahali pengine, mgodi mwingine. Walipima asidi kwa kuivuta na mrija wa kioo kwa mdomo, kama mtu anavyonyonya pombe ya mtungi, na kuziba kwa kidole ikifika alama. Siku moja mtu alimsalimia kwa nyuma. Akajibu salamu. Alimeza. Alilazwa, akapona, akaambiwa arudi hospitali kila wiki akatiwe mpira kooni kupanua njia. Alikwenda mara mbili. Mpira ule unatisha, alisema, unaona unakufa, na yeye wakati ule anameza ugali vizuri, akajiona mjanja, akaacha. Baada ya miezi mitatu koo lilibaki tundu la kupitishia uzi. Tangu siku hiyo hajala tonge.

Nikaikumbuka sahani yangu ya nyama. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Kwa wiki tatu alikuja kila asubuhi. Alinifundisha kuchuja uji kwa kitambaa, kuponda ndizi mpaka ziwe maji, kupasha mtindi usiwe baridi. Alimfundisha Baba Limi kukaa wima, kumeza kwa zamu mbili, kungoja. Nilizoea kusimama karibu naye, nikimshikia kikombe, na kila asubuhi nilijiambia leo nitasema. Nilifungua kinywa mara nyingi. Yeye alikuwa akinyamaza kidogo, kana kwamba ananipa nafasi, halafu anaendelea na uji. Baba Limi alijua vema alileta chupa gani, lakini hakuniuliza. Tulinyamaza wawili, mume na mke, mbele ya mtu anayetulisha.

Siku ya lori la hospitali Baba Limi alikataa kwenda. Alikuwa ametiwa mpira mara moja, akasema bora afe kwao. Mpima hakubishana. Alimwomba akae amtazame akila. Watu wa kota hawakuwahi kumwona akila. Alikula peke yake, mlango umefungwa. Siku hiyo alikaa ukumbini kwetu na bakuli la uji mwepesi, na alichukua saa nzima. Mara mbili ulikwama, akasimama, akashika ukuta, macho yakamtoka, ukarudi, akafuta kinywa, akaanza upya. Alipomaliza, Baba Limi aliinuka mwenyewe akapanda lori. Alikwenda kila wiki, kisha kila mwezi, mwaka mzima na zaidi.

Mpima aliondoka mwisho wa mwezi kama alivyoamriwa. Nilimtazama kupitia dirisha akipita na sanduku lake. Sikutoka.

Miaka ilipita. Sisi wenyewe tuliacha mgodi, tukarudi kulima pamba. Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya hamsini nilipokwenda Shinyanga mjini kumtazama Limi, aliyekuwa shule, na nikiwa napita barazani pa maduka nikaona vidole vya manjano vimeshika saa. Manjano yalikuwa yamefifia lakini niliyajua. Alikuwa fundi saa, ana meza ndogo na kioo cha jichoni. Alikuwa mzee sasa, kanzu imempwaya.

Ningeweza kupita. Nasema wazi kwamba nilipita, nikafika duka la tatu, ndipo nikarudi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Limi." Alinitambua kabla hajaondoa kioo jichoni. Aliniuliza watoto, akaniuliza mvua, akanisogezea kigoda. Nilikaa. Nilijua nikianza na salamu nyingine sitamaliza leo.

"Mzee, ile asidi niliihamisha mimi. Niliitaka chupa."

Aliendelea kukaza skrubu ndogo mpaka ikakaa. "Najua. Niliiona dirishani."

"Mbona hukusema?"

"Aliyeulizwa ulikuwa wewe," alisema. "Si mimi."

Hakusema kwa ukali. Nikamwambia nilikuwa naogopa. Akaitikia kwa kichwa. Akasema kosa lake analijua, chupa haikupaswa kulala kwangu, na kwa hilo angefukuzwa kwa vyovyote. Lakini zile asubuhi, alisema, alikuwa akinyamaza kidogo kabla ya kumkorogea mgonjwa uji, akidhani pengine leo. Wiki tatu alidhani pengine leo. Nililia pale barazani, mtu mzima, watu wakipita. Hakunibembeleza na hakuniambia yamekwisha. Alingoja mpaka nikapangusa uso kwa khanga.

"Baba Limi anameza?" aliniuliza.

"Anameza, Mzee."

"Uji?"

"Kila kitu. Ugali anakula."

Aliweka saa mezani. "Ugali wa nini?"

Nikamwambia ni wa mtama, na wa muhogo, na wa mahindi siku tukipata. Akauliza kwa mboga gani. Nikamwambia mlenda, maharage, samaki wakavu wa ziwani, na nyama mradi aitafune vizuri. Alinisikiliza kila chakula nilichokitaja mpaka mwisho, akisogeza kigoda chake karibu.

"Na tonge," alisema, "analimega kubwa?"

"Kubwa tu, Mzee, kama mtu yeyote."

"Nionyeshe."

Nikakunja vidole, mkono mtupu, nikamwonyesha. Aliutazama mkono wangu muda mrefu, kisha akameza mate, taratibu, kwa zamu mbili.